Ya Kutolea

Duka letu la kargo liko Muaither, hapa Doha, katika safu ya maduka madogo, kati ya kinyozi wa Kipakistani na mahali wanapouza matairi. Ni chumba kimoja chenye mizani ya sakafuni, meza, kiyoyozi kinachovuja maji, na maboksi yaliyopangwa hadi karibu na dari. Watu wa kwetu, wa Bara na wa Visiwani, pamoja na Wakenya na Waganda, hutuletea mablanketi, sufuria, viatu, maziwa ya unga na televisheni, nasi huvipeleka kwa meli hadi Mombasa, Dar na Unguja. Nimekaa nyuma ya meza ile tangu macho yangu yalipopungua nguvu na tajiri akasema sitaendesha tena gari lake.

Kabla ya hapo nilikuwa dereva wa nyumba yake. Niliwapeleka watoto wake shule mpaka wakawa na magari yao. Nilipozeeka angeweza kunikatia tiketi ya kurudi Tanga, kama wengi wanavyokatiwa, lakini alinipa kulisimamia duka lake hili nikae kwenye ubaridi. Nalitaja hili mapema ili isije ikaonekana kwamba kuna mtu aliyenisukuma. Tajiri hakuwahi kuniambia niongeze kitu juu ya bei. Wazo lile lilikuwa langu.

Zamani kila mteja alilipa noti. Baadaye serikali ikataka kila duka liwe na mashine ya kadi, na mishahara, hata ya akina mama wa kazi za majumbani, ikawa inapitia benki. Watu wakaacha kubeba noti. Lakini benki hukata chake kidogo kila kadi inapopita kwenye mashine, na mwisho wa mwezi tajiri alikuwa akitazama simu yake na kuniuliza, "Yaa haji, mbona mizigo mingi na fedha chache?" Nilimweleza habari ya benki, akapunga mkono. Kwake kilikuwa kitu kidogo. Mimi ndiye niliyeumia, kwa sababu juu ya mshahara wangu nilikuwa na fungu katika kila kilo, na fungu hilo lilihesabiwa baada ya benki kukata.

Ndipo nikaikumbuka ya kutolea.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa jambo hili. Ukimtumia mama yako hela kwa simu, unaongeza kidogo juu yake, ili akienda kuzichukua kwa wakala apate kile ulichomkusudia bila kupungua. Usipoongeza utaambiwa, "Umetuma kweli, lakini ya kutolea hukuweka," na sauti itakayosema hivyo haitakuwa na furaha. Tumelizoea kiasi kwamba tunaliona ni adabu. Basi nikaanza kuwaambia wateja wangu kwamba anayelipa kwa kadi aongeze ya kutolea. Hakuna aliyeuliza kitu. Walinielewa kabla sijamaliza kusema. Wengine waliniwahi wenyewe: "Na ya kutolea umeweka, mzee?"

Wafilipino na Wahindi waliokuja mara mojamoja sikuwaongezea. Hapo ndipo ninapojikamata mwenyewe, maana hiyo inaonyesha kwamba nilijua. Mfilipino angeuliza. Mwenyeji angeuliza na kupiga simu hapohapo. Sheria ya hapa ni fupi na haina kona: bei uliyoitangaza ndiyo bei, anayelipa kwa kadi na anayelipa taslimu ni sawa, na gharama ya mashine ni ya mwenye duka. Walituletea hata kibandiko cha mlangoni, Kiarabu juu, Kiingereza chini, kinachosema malipo ya kadi hayana nyongeza. Nilikibandika mwenyewe, kwa kuwa kutokibandika nako ni kosa. Nilikibandika chini, usawa wa magoti, kisha nikapanga maboksi matupu mbele yake. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Kiingereza cha kibandiko kile hakikunishinda.

Katika wateja wangu alikuwapo mama mmoja wa Pemba, anayefanya kazi katika nyumba moja huko Umm Salal, nyumba yenye shamba na zizi la mbuzi nyuma yake. Ijumaa mojamoja dereva wa nyumba ile alipokuwa akienda kununua chakula cha mifugo alimshusha kwangu, akampitia wakati wa kurudi. Muda wake ulikuwa mfupi, mashine ya kutolea fedha ilikuwa mbali, na jua la huku halimruhusu mtu kutembea ovyo. Kwa hiyo alilipa kwa kadi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo, wanakula kuliko mie."

Huo ulikuwa mchezo wetu. Alipenda kukaa juu ya boksi lolote lililokuwa karibu na mlango, akivua viatu na kuikanyaga sakafu ya baridi. Mara nyingi alileta vitu vya binti yake, aliyemwacha mdogo sana kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi ndiye aliyemlea mtoto yule, akampeleka chuoni na shuleni, akamwuguza surua. Mama alituma fedha. "Kalea yeye," aliniambia siku moja. "Mie nimelipa tu."

Ijumaa ninayoieleza alikuja na boksi kubwa ambalo dereva alilazimika kumsaidia kulishusha. Binti alikuwa anaolewa mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia. Mama hakupata ruhusa ya kwenda, kwa kuwa bibi wa nyumba alikuwa amejifungua. Ndani ya boksi mlikuwa na mashuka, vyombo na udi, lakini kubwa kuliko yote lilikuwa jora la kitambaa cha zambarau chenye uzi wa dhahabu pembeni. Ilikuwa sare. Alimwahidi wifi yake kwamba yeye na wanawake wote wa upande wa baba wa bi harusi watavaa kitambaa kimoja, na kitambaa hicho atakileta yeye.

"Kuna kimoja wifi kakiona Chake Chake, wanakiuza bei nzuri," alisema. "Nimemwambia asikinunue. Mie siku hiyo nitakuwa huku nampashia maziwa mtoto wa watu. Sasa wakisimama pale wote wamevaa nilichokichagua, si ndiyo nami nimekwenda?"

"Umekwenda," nikamwambia.

"Kitafika, lakini?"

Nilihesabu. Lori la kuchukua mizigo yetu kwenda bandarini lilikuwa linakuja Jumanne. Kikipanda kontena lile, kingefika Pemba mapema, na mafundi wangepata nafasi ya kushona. Nikamwambia kitafika. Tukapima, nikamtajia bei, akatoa kadi, nami nikaongeza ya kutolea.

"Weka, mzee, weka," alisema, "isije ikapungua njiani."

Nyuma yake alisimama kijana wa Kikenya, mlinzi katika jengo moja la West Bay, bado amevaa suruali ya kazini na fulana ya mpira. Alikuwa anampelekea mama yake jiko la umeme. Nilimpimia, nikamtajia bei, akagusisha kadi yake kwenye mashine, kisha akaitazama risiti kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mzee, umesema bei ingine, na mashine inasema ingine."

"Hiyo ni ya kutolea."

"Ya kutolea nini? Mimi sitoi pesa hapa. Nalipa."

"Benki inakata, kijana."

"Inakukata wewe! Mimi imenikata lini?"

Yule mama wa Pemba akacheka. "Huyu kaja na koti la uwakili chini ya fulana."

"Mama, hata wewe umeongezewa?"

"Kidogo tu."

"Kidogo, eh? Hebu angalia hii foleni, alafu uniambie kama ni kidogo." Akanigeukia. "Dada yangu ako Amerika. Huko kila jimbo lina sheria yake. Jimbo moja wanakubali duka liongeze, bora waandike mlangoni. Ukivuka daraja ujipate jimbo lingine, ni makosa. Ukiibiwa huko unaweza sema ulichanganyikiwa na ramani. Lakini hapa, mzee? Nchi moja, sheria moja."

"Basi mpelekee dada yako hilo jiko akusafirishie," nikasema.

Watu walicheka. Nilifurahi walipocheka. Kijana hakunitukana. Alilisogeza kwa mguu boksi tupu lililokuwa kando ya mlango, akakiona kibandiko, akainama, akakipiga picha, kisha akaipiga picha risiti yake.

"Asante, mzae," alisema, kwa lile neno vijana wa Nairobi wanalowaitia baba zao, akatoka.

Nilikuwa na nafasi ya kumfuata nje nimrudishie riali zake mbili tatu. Nilikuwa na siku ile nzima na Jumamosi yote. Nilijiambia kwamba vijana wana maneno mengi.

Jumapili asubuhi aliingia mkaguzi wa serikali, mwenyeji wa makamo, kanzu nyeupe isiyo na mkunjo, mkononi ana kompyuta ndogo bapa. Alinisalimia vizuri. Aliuliza bei ya kilo hadi Mombasa, nikamwambia, na iliandikwa ukutani. Akanionyesha picha ya risiti ya yule mlinzi. Akauliza kilichozidi ni nini. Kisha akataka kuona malipo mengine ndani ya mashine, na hapo hapakuwa na la kuficha, majina yote ya kwetu yalikuwa na mkia wa nyongeza.

Kiarabu changu ni cha dereva: kulia, kushoto, watoto wako wapi, gari limejaa mafuta. Nilitafuta neno la ya kutolea nikalikosa. Nikamwambia kwetu ni desturi. Akanijibu kwa upole kwamba desturi hiyo haikuandikwa mlangoni, na kwamba kilichoandikwa mlangoni kimefunikwa na maboksi. Akaandika. Akaniambia duka litafungwa kwa muda, na tajiri atapigiwa simu, na kama kuna vitu vyangu ndani nivichukue sasa.

Nikachukua chupa yangu ya chai, chaja ya simu na kandambili. Mkaguzi aliufunga mlango, akabandika karatasi ya amri kwenye kioo, akaniambia hakuna mtu wa kuufungua mpaka muda uishe. Akapanda gari lake.

Niliposimama pale nje na kandambili mkononi ndipo nikaliona boksi la yule mama kupitia kioo. Lilikuwa mbele kabisa, tayari kwa Jumanne, limeandikwa kwa kalamu nene: SARE, MSIWEKE KITU JUU. Yule mkaguzi alikuwa mwungwana. Ningemwambia, nina mizigo ya watu, kuna harusi, angenisikiliza, au angempigia simu mtu wa kumwuliza. Lakini wakati alipokuwa ndani nilikuwa nikifikiria kibali changu cha kuishi hapa, na jinsi nitakavyowaeleza wanangu nikirudishwa. Mizigo ya watu haikunijia akilini.

Tajiri alikuja adhuhuri. Hakushuka garini, alishusha kioo.

"Nani alikwambia uongeze?"

"Hakuna."

"Ulikuwa na shida? Mtoto mgonjwa? Ungeniambia."

"Sikuwa na shida."

Alinitazama, na nadhani lile jibu lilimuumiza kuliko kosa lenyewe. Alisema atalipa faini. Alisema pia ataomba mizigo itolewe, akaenda kuomba, akaambiwa asubiri muda uishe kwanza. Jumanne lori lilipita, likachukua mizigo ya maduka mengine, likaondoka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kwa kinyozi, nikalitazama mpaka lilipokata kona.

Jioni ile simu ikalia, yule mama wa Pemba.

"Mzee, mzigo wangu umeondoka?"

Nilikuwa natembea mbele ya duka. Boksi lilikuwa mbele ya macho yangu, kioo tu katikati yetu.

"Umeondoka, mwanangu."

"Alhamdulillahi! Basi nawaambia wamshike fundi."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Sikukusudia kumdhuru. Nilidhani nitaupata mzigo upesi, niutume kwa ndege, nilipie mwenyewe, asijue kilichotokea. Pia niliona haya. Yeye ndiye aliyecheka upande wangu yule kijana aliponisuta. Kumwambia duka limefungwa ilikuwa kumwambia kijana alisema kweli. Kama ningemwambia palepale, angempigia wifi yake usiku uleule, wakanunua kile kitambaa cha Chake Chake, na habari ingekuwa imekwisha. Watu wangevaa. Angenilaumu mimi wiki mbili, labda mwezi, kisha tungerudi kwenye mbuzi.

Alipiga tena baada ya siku kadhaa. "Sasa uko wapi?"

"Baharini," nikasema.

Aliwaambia hivyohivyo. Kiko baharini. Kile cha Chake Chake kikauzwa kwa watu wengine.

Duka lilipofunguliwa, Shaabani ilikuwa inakwenda ukingoni. Kazi ya kwanza tajiri aliyonipa ni kuondoa maboksi matupu na kukihamisha kibandiko, akasimama mpaka nikamaliza. Ya pili nilijipa mwenyewe. Kutuma boksi zima kwa ndege nisingeweza, lakini nilimjua mtu wa Unguja anayefanya kazi hotelini aliyekuwa anakwenda likizo. Nililitoa jora la kitambaa, nikalifunga kwenye mfuko, nikamwomba alibebe ndani ya begi lake, nikamlipia uzito uliozidi, na nauli ya kumtuma mtu kutoka Unguja hadi Pemba kwa boti. Niliona nimelimaliza jambo. Yule mama sikumwambia. Nilidhani atasikia kimefika na itatosha.

Kilifika asubuhi ya harusi.

Hakukuwa na fundi wa kushona nguo za wanawake wote wale kwa saa zilizobaki. Lakini hilo silo lililoharibu. Aliyekipeleka kitambaa aliulizwa kimetoka wapi, naye akajibu bila ubaya wowote kwamba aliyemtuma amepewa juzi, Doha, na mzee mmoja, na kimekuja kwa ndege. Kwa hiyo hakikuwa baharini. Hakijapata kuwa baharini hata siku moja, ila kwa ile boti ya kutoka Unguja. Wifi alikaa akahesabu: huyu mwanamke alituzuia tusinunue cha kwetu, akatwambia kiko njiani, kumbe alikuwa hajakinunua, ametukumbuka siku mbili kabla ya harusi. Akavua mtandio, akaenda chumbani kwake, akajifungia. Binti aliyemlea tangu hajaota meno ya pili alitolewa kwenda kwa mumewe bila yeye kuwapo ukumbini.

Haya nimeyajua kwa mama mwenyewe. Alikuja Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri, wakati ambao kila mtu ana midomo mikavu na hakuna anayependa kusema. Hakuniamkia. Hakukaa juu ya boksi.

"Mzee, nataka uniambie kitu kimoja. Siku ile niliyokupigia, ukanambia umeondoka. Uliondoka?"

"Haukuondoka."

"Ulikuwa wapi?"

Nikamwonyesha mahali pale sakafuni. Nikamweleza yote, mkaguzi, mlango, lori. Nikamwambia sababu ya kufungwa ni ya kutolea. Nilitoa fedha niliyomzidishia tangu aanze kulipa kwa kadi, nilikuwa nimeitenga kwenye bahasha, nikaiweka mezani. Aliitazama kama mtu anavyotazama kitu cha mtu mwingine.

"Hizi sikuja kuzifuata," alisema. "Duka lako lingefungwa mwaka mzima, mie ningesema bahati mbaya. Ungenambia tu. Wifi hapokei simu yangu. Kaniandikia maneno mara moja, kanambia nimemvua nguo mbele ya watu, na kwamba nimezoea kumtumia kama mtumishi kwa kuwa natuma fedha. Mtu aliyenilelea mwanangu. Nikipiga, anakata. Kwa hiyo utapiga wewe, kwa simu yako, kwa kuwa namba yako haijui. Utamwambia."

"Sasa hivi?"

"Dereva anarudi sasa hivi. Ndiyo, sasa hivi."

Kulikuwa na watu wawili wanasubiri kupimiwa. Hakuwajali, nami sikuwa na haki ya kumwomba awajali. Alinitajia namba, nikabonyeza, nikaiweka simu mezani katika sauti ya nje, kama alivyotaka. Iliita sana.

"Nani?" Sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake mtu anatwanga kitu.

Nikamwamkua kwa salamu ya Kiislamu, nikasema ninapiga kutoka Doha, mimi ni mzee wa duka la kargo.

"Kargo gani? Ile ya baharini isiyopita baharini?"

"Hiyohiyo, bibie."

Kutwanga kukakoma. "Haya. Una umri gani, mzee wa kargo?"

"Sitini na sita."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi sema, nami nimefunga, tusipotezeane swaumu."

Nikamwambia. Nilisema kitambaa kilinunuliwa zamani na kuletwa kwangu mapema, kikiwa na nafasi ya kufika. Nilisema kilifungiwa dukani kwa kosa langu mimi, kwa kuwa nilikuwa nawatoza watu kitu ambacho sheria ya hapa imekikataza. Nilisema wifi yake aliponiuliza nilimwambia uongo, mara mbili, na yale aliyowaambia wao aliyatoa kwangu, hakuongeza neno. Mmoja wa wale wateja akageukia ukutani, akajifanya anasoma bei.

"Alikuuliza mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na yeye yuko peke yake huko, hana ndugu, hana kaka. Mtu wa kumwuliza ni wewe."

"Ndiyo."

"Na hicho ulichokuwa ukiwatoza, naye alikupa?"

"Alinipa."

"Ukakipokea."

"Nikakipokea."

Nilidhani amekata, nikaitazama simu, bado ilikuwa inahesabu.

"Kitambaa chenu kimo kabatini mwangu," alisema mwisho. "Kizuri. Sijapata kuona zambarau kama ile. Nilikuwa nikifungua kabati nakitazama, natukana, nafunga. Kila siku natukana mtu ambaye siye. Unajua ulichonifanyia, mzee wa kargo? Nilikuwa chumbani, nyumba ya pili tu na ukumbi. Nikazisikia ngoma zinamtoa mwanangu, nami nimekaa kitandani nimenuna."

Nikasema nisamehe. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu. Na uizime hiyo sauti ya watu wote."

Mama aliichukua simu mezani kabla sijainyanyua. Akatoka nayo nje, akasimama chini ya kibaraza cha muuza matairi, kwenye kivuli chembamba kilichokuwapo. Alinipa mgongo. Nikawapimia wale wateja wawili, mmoja baada ya mwingine, macho yangu yakienda kwenye kioo. Mara moja aliinama akashika magoti kama anayecheka, au kama anayelia. Kwa mgongo siwezi kusema. Gari la Umm Salal likafika na magunia nyuma, dereva akapiga honi, mama akamnyooshea kiganja asubiri. Dereva akapiga tena.

Alirudi ndani uso umelowa, jasho au kingine, akaiweka simu juu ya meza kando ya bahasha ambayo hakuigusa.

"Salio lako limekwisha," alisema. "Simu imekata katikati."

"Nitaongeza sasa hivi, umpigie tena."

"Basi. Atanipigia yeye usiku, akishafuturu."

"Amesemaje?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, bila hasira, kama unavyomtazama mtu aliyekaa mbele yako kwenye benchi la hospitali.

"Hayo yetu, mzee," alisema.

Alipoufungua mlango joto likaingia mpaka mezani. Aliingia garini upande wa nyuma, karibu na magunia, wakaondoka. Mteja aliyekuwa anaingia alimpisha, kisha akaliweka boksi lake juu ya mizani, akaniuliza kilo ni bei gani. Nikamwonyesha ukutani.